FENI YA UMEME KATIKA PIKAPU YA ZAMANI
Ikifungwa vizuri huokoa injini, ikifungwa ovyo huchoma gari

Ndugu mkulima, tuseme umeteremsha viazi vyako mpaka Naivasha, ukauza, ukanunua mbolea, na sasa unarudi juu Kinangop na mifuko 20 nyuma ya pikapu. Mifuko 20 ya kilo 50 ni tani moja kamili. Upepo unavuma kutoka nyuma, gari linapanda kwa gia ya pili, na mshale wa geji ya joto unapanda nalo. Kabla hujafika juu, mvuke unatoka chini ya boneti. Unasimama kando ya barabara na kungoja gari lipoe, na huko nyumbani ng'ombe wanangoja kukamuliwa.

Jioni hiyo jirani atakuambia, "Weka feni ya umeme, taabu itakwisha." Shauri hilo si baya, lakini ni nusu ya shauri. Wako wakulima waliofunga feni hiyo na gari likaendelea kuchemka kama zamani. Na wako waliopata hasara kubwa kuliko ya maji kuchemka. Niliona pikapu moja iliyoungua sehemu yote ya mbele kwa sababu ya waya moja tu. Waya hiyo ilitoka kwenye betri mpaka kwenye feni bila fyuzi, ikapitishwa kwenye tundu la bati pasipo kuwekewa mpira wa kuikinga. Bati likaikwaruza siku hadi siku mpaka shaba ikagusa bodi. Mwenye gari alikuwa ndani ya duka akinunua dawa ya viazi, na injini ilikuwa imezimwa. Alipotoka alikuta watu wakimwaga mchanga.

Kwa hiyo tusome jambo hili polepole, kabla hujamwita fundi na kabla hujatoa pesa.

KWANZA TAFUTA UGONJWA

Feni haina kazi nyingine ila kuvuta hewa ipite katika rejeta. Kama maji hayapiti ndani ya rejeta, au kama hewa imezibwa na matope na mbegu za nyasi, feni hata mbili hazitasaidia. Na ujue hivi: gari linalochemka likipanda mlima kwa gia ndogo mara nyingi halina ugonjwa wa feni. Katika gia ndogo injini huzunguka kwa kasi, na feni inayozungushwa na injini huzunguka nayo. Ugonjwa wa feni huonekana zaidi gari likiwa limesimama na injini inanguruma polepole, kama vile penye foleni ya kupeleka maziwa au katika msongamano wa siku ya soko.

Basi angalia haya. Osha rejeta kwa maji, ukipiga maji kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu urudi ulikotoka. Usitumie nguvu nyingi ya maji, vipande vyake ni laini na hupindika. Kisha washa injini mpaka ipate moto, uizime, na kwa uangalifu pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta. Ukikuta mahali palipo baridi katikati ya mahali penye moto, hapo maji hayapiti, pameziba. Rejeta ya namna hiyo yataka kufunguliwa na kusafishwa na fundi wa rejeta. Ukiwa na mazoea ya kuongeza maji ya kisima yenye chumvi, usishangae. Chumvi hiyo hushika ndani kama inavyoshika katika sufuria ya chai. Afadhali maji ya mvua yaliyochanganywa na dawa ya rejeta.

Tazama na mkanda. Ubonyeze kwa kidole katikati ya puli mbili. Ukibonyea zaidi ya sentimita moja na nusu hivi, umelegea. Halafu injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, washa, na uangalie maji. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, pengine gasketi ya silinda imeungua, na hapo feni haihusiki kabisa.

WEWE ULIYE JUU MILIMANI

Skimu nyingi zilizogawanywa tangu mpango wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962 ziko nyanda za juu. Hili laleta jambo ambalo fundi wa Mombasa hana haja ya kulifikiria. Kule pwani maji huchemka yakifika digrii 100. Kadiri unavyopanda, hewa hupungua uzito, na maji huchemka mapema. Katika urefu wa mita 2,500 juu ya bahari, maji yaliyo wazi huchemka karibu na digrii 92 tu.

Sasa linganisha na feni. Swichi nyingi za joto zinazouzwa kwa kuwashia feni huwasha zikifika digrii 92 na kuzima kwenye 87. Waona hatari? Kama kifuniko cha rejeta yako kimechoka, yaani mpira wake umepasuka au springi yake imelegea, maji yako yatachemka saa ile ile feni inapoanza kuamka. Feni itakuja kama mgeni aliyefika karamu imekwisha.

Kifuniko kizuri hufungia mvuke na kuzuia maji yasichemke upesi. Hata kile kidogo kilichoandikwa 7, yaani ratili 7 kwa inchi mraba, kwa urefu huo hufanya maji yasichemke mpaka yapite digrii 100. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo kuliko feni. Kinunue kwanza, chenye namba ile ile iliyokuwa kwenye gari lako. Usiweke chenye namba kubwa zaidi ukidhani unapata faida, kwa maana rejeta ya zamani itapasuka kwenye viungo vyake. Na kamwe usikifungue gari likiwa moto. Uso ulioungua kwa maji ya rejeta hauponi upesi.

Ukiisha kuyamaliza hayo yote na gari bado lachemka likisimama, au kama feni ya zamani imevunjika na spea haipatikani, basi feni ya umeme ni msaada wa kweli. Wenye Peugeot 404 na baadhi ya 504 walijua jambo hili zamani. Feni zao zilishikwa kwa sumaku ya umeme, na sumaku ikifa, kupata nyingine si rahisi siku hizi.

MKANDA USITUPWE

Jina hili la "mkanda wa feni" limewadanganya watu. Mtu aondoa feni ya zamani, kisha asema, "Mkanda wa nini tena?" na kuutupa. Lakini katika magari mengi ya zamani mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji na pia dinamo au altaneta. Ukiutoa, maji hayatembei na betri haijazwi. Feni iondoke, mkanda ubaki.

Tena, katika injini nyingi boliti zinazoshika feni ndizo zinazoshika puli ya pampu. Ukitoa feni na kurudisha boliti zile zile, zitakuwa ndefu mno na hazitakaza. Weka washa za kujaza nafasi, au tafuta boliti fupi za uzi ule ule.

Feni mpya ifungwe upande wa injini, ili ivute hewa kupitia rejeta. Nafasi isipotosha, yaweza kukaa mbele na kusukuma, ila hapo yenyewe huzuia kidogo hewa inayokuja gari likitembea. Ukinunua, uliza kama ni ya kuvuta au ya kusukuma. Mafundi wengine hugeuza nyaya tu ili feni izunguke kinyume. Itazunguka, ndiyo, lakini mapanga yake yamekunjwa kwa upande mmoja, kwa hiyo hewa itakuwa haba. Yafaa mapanga yenyewe yageuzwe pia, kama feni ni ya namna inayokubali.

Kuna zile kamba za plastiki zinazoletwa pamoja na feni, za kupenyezwa katikati ya rejeta. Mimi sizipendi. Barabara zetu zina mitetemo, na kamba hizo husugua mirija ya rejeta mpaka itoboke. Afadhali fundi wa kuchomelea akutengenezee vipande vinne vya chuma, vishikwe kwenye fremu ya rejeta, wala visiguse mirija.

JE, UMEME WAKO WATOSHA?

Feni ya inchi 12 kwa kawaida hula ampea 7 hadi 10. Ya inchi 16 yaweza kula 15 hata 20. Soma kibandiko chake. Na inapoanza kuzunguka, kwa muda mfupi hula mara mbili au zaidi ya hapo. Tuchukue feni ya ampea 12 kuwa mfano. Kwa betri ya volti 12 hiyo ni wati 144, na taa zako mbili kubwa za mbele zenye wati 45 kila moja ni wati 90 tu.

Ikiwa gari lako lina altaneta nzima, hakuna taabu. Lakini ikiwa lina dinamo ya zamani, piga hesabu kwanza. Dinamo ya Lucas C40, iliyofungwa katika Land Rover nyingi za miaka ya 1960, hutoa karibu ampea 22 injini ikizunguka kwa kasi. Usiku, taa kubwa huchukua kama 8, taa ndogo 2, na moto wa plagi 4. Imebaki 8, na feni yataka 12. Tena injini ikinguruma polepole dinamo haitoi kitu, na saa hiyo ndiyo feni inapotakiwa. Betri itabeba mzigo peke yake, na asubuhi utatafuta watu wa kusukuma. Mwenye dinamo heri abaki na feni ya injini na kuitengeneza vema, au abadili kwanza aweke altaneta.

Jambo lingine la kuchunguza katika motokaa za Uingereza zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960: nyingi zilifunga upande wa chanya wa betri kwenye bodi badala ya hasi. Tazama betri yako. Kama kebo yenye alama ya + ndiyo inayokwenda kwenye bodi, mwambie fundi kabla hajagusa kitu, maana nyaya za feni zitabadilishana mahali. Maelezo yanayofuata ni ya gari ambalo hasi iko kwenye bodi.

KUFUNGA NYAYA

Toa kebo ya hasi kwenye betri. Hapo ndipo kazi inapoanzia.

Kosa la kawaida ni kupeleka umeme wa feni mpaka kwenye swichi ndogo ya dashbodi na kurudi. Swichi hiyo haikuumbwa kwa ampea 12, itayeyuka. Na waya nyembamba hunyima feni chakula. Waya ya shaba ya milimita mraba 1, ikienda ndani na kurudi kwa jumla ya mita 6, hupoteza karibu volti moja na robo njiani, na kinachopotea hugeuka kuwa joto ndani ya waya. Feni huzunguka kwa uchovu na waya hulainika.

Dawa yake ni rilei. Umeona mtoto anavyofungua mlango wa mfereji shambani? Nguvu yake ni ndogo, lakini maji anayoyaachia ni mengi. Rilei ni hivyo hivyo. Umeme kidogo, usiofika hata nusu ampea, huamsha sumaku ndani yake, nayo sumaku hufungua njia ya umeme mwingi. Ni kijisanduku kidogo chenye miguu minne au mitano, na kila mguu una namba. Nunua ya ampea 30 au 40 pamoja na soketi yake.

Mguu wa 30 hupokea umeme kutoka betri. Tumia waya ya milimita mraba 4. Katika waya hii weka fyuzi, nayo iwe karibu na betri, isizidi shubiri moja. Kwa feni yetu ya ampea 12, fyuzi ya 20 au 25 yafaa. Watu huuliza kwa nini fyuzi isikae karibu na feni, ambako ni rahisi kuifikia. Ni kwa sababu fyuzi hulinda waya iliyo mbele yake tu. Waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi, kwa hiyo iwe fupi kabisa. Ile pikapu niliyoitaja ingepoteza fyuzi moja tu kama ingekuwa nayo.

Mguu wa 87 hupeleka umeme kwenye feni, kwa waya nene ile ile. Waya ya pili ya feni iende kwenye bodi, mahali palipokwanguliwa rangi mpaka chuma cheupe kionekane, ikazwe kwa boliti na kupakwa grisi juu. Nusu ya feni zinazosemekana zimekufa hazikufa, ila njia ya kurudi kwenye bodi imeshika kutu.

Mguu wa 86 upate umeme kutoka swichi ya ufunguo, waya nyembamba yatosha. Ukiuunga moja kwa moja na betri, feni yaweza kuendelea kuzunguka baada ya kufunga gari na kuondoka, na betri ikaisha.

Mguu wa 85 uende kwenye swichi ya joto, nayo swichi ikamilishe njia mpaka kwenye bodi. Maji yakifika digrii zake, njia hufungwa, sumaku huamka, feni huzunguka.

Ikiwa rilei yako ina mguu wa tano katikati, ulioandikwa 87a, uache mtupu. Mguu huo hupata umeme wakati rilei imelala. Ukiunga feni hapo, itazunguka gari likiwa baridi na kusimama likipata moto.

Swichi ya joto ina mitego yake. Yenye ncha moja tu hupata njia ya kurudi kupitia uzi wake unaokazwa kwenye chuma cha injini au rejeta. Usiufunge uzi huo kwa tepu nyeupe ya mafundi wa bomba, maana tepu yaweza kuukata umeme. Mafundi wengine hukata mpira wa juu wa rejeta na kuingiza kipande cha bomba chenye swichi. Njia hiyo ni nzuri, ila bomba hilo limening'inia kati ya mipira miwili na haligusi bodi popote. Lazima liungwe kwa waya yake mpaka kwenye bodi, la sivyo feni haitaamka kamwe. Na uangalie digrii za thamostati. Swichi ikiwa katika mpira wa juu, digrii zake za kuzima ziwe juu ya digrii za thamostati kufunguka. Thamostati ya 82 na swichi ya 92 na 87 huenda pamoja. Thamostati ya 88 na swichi hiyo hiyo, feni haitalala.

Nyaya zote zipite mbali na bomba la moshi na mapanga ya feni. Kila tundu la bati liwekewe mpira. Viungo vibanwe kwa klipu za saizi yake. Kusokota waya kwa mkono na kuzungushia tepu si kiungo.

KUJARIBU

Rudisha kebo ya betri. Fungua ufunguo bila kuwasha injini, uchomoe waya kwenye swichi ya joto na uiguse kwenye bodi. Rilei italia "tak" na feni itazunguka. Weka karatasi mbele ya rejeta: ikivutwa na kunata, hewa inakwenda sawa. Ikisukumwa mbali, feni inageuka kinyume. Kisha rudisha waya, washa injini, acha gari limesimama mpaka feni ianze yenyewe na kuzima yenyewe. Ngoja irudie mara mbili. Wakati huo watoto wakae mbali, kwa kuwa feni hii haitoi ilani kabla ya kuanza.

Ikizunguka kwa dakika kumi, gusa fyuzi na waya nene. Uvuguvugu hauna neno. Ikiwa huwezi kuishika, kiungo kimelegea au waya ni nyembamba, na usiende nalo safari.

Chini ya kiti weka fyuzi mbili, rilei moja, na kipande cha waya nene chenye urefu wa kidole, kilichobanwa klipu kila upande. Rilei ikifa njiani na huna nyingine, ichomoe, kisha kwenye soketi unga nafasi ya 30 na ya 87 kwa kipande hicho. Feni itazunguka bila kukoma mpaka ufike nyumbani, nawe ukifika ukichomoe kabla ya kwenda kulala.